Mwaka Tuliobishania Hospitali

Nilisikia taipu kabla sijamwona aliyekuwa akiipiga. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, ndani ya duka la vitambaa la Bwana Karsan pale Mbeya mjini, viatu vimejaa tope, cheti changu cha kupiga taipu nimekifungia ndani ya kanga kisilowe, na juu ya kichwa changu mashine ililia taratibu sana: ta. Kimya. Ta. Kimya kirefu. Ta-ta. Kisha kengele ya mwisho wa mstari, na sauti ya mzee ikasema kwa furaha, "Haya, tumefika!" kama mtu aliyevuka mto uliojaa. Mama Karsan, aliyekuwa akipima marekani kwenye kaunta, alinitazama usoni akaanza kucheka. "Panda upesi, binti," akaniambia. "Toka Jumatatu anaandika barua hiyo hiyo moja."

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Kihwele huko Iringa. Nilikuwa nimekaa jamvini na akina mama wengine, goti langu bovu nimelinyoosha mbele, mjukuu wake akaja akapiga magoti akanipa bahasha. "Babu alisema ni ya Dada Taipu," alinong'ona, akisita, maana hakuamini kwamba kikongwe kama mimi aliwahi kuitwa hivyo. Ndani mlikuwa na karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa matundu. Niliujua mwandiko kabla ya kusoma neno. Juu kabisa palikuwa na mstari uliofutwa kwa wino, na chini yake mstari mwingine, ambao mwisho wake ulisema: na mkeka, ikiwezekana. Nikacheka. Msibani, mbele ya jeneza la rafiki yangu, nilicheka mpaka jirani yangu akanifinya paja, nami sikuona aibu, kwa sababu namjua Kihwele; angekuwa hai angecheka kunishinda.

Mwaka ule wa miaka ya hamsini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani maneno ni vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kama vifungo dukani. Kazi ya mtu ni kuchagua tu. Chumba cha juu cha Bwana Karsan ndicho kilichonitoa katika ujinga huo. Kilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja likitazama barabara na moja likitazama mlima, na asubuhi za baridi ukungu uliingia kwa dirisha la mlima ukatoka kwa la barabara. Kilinukia nguo mpya, wino, na achari ya ndimu. Saa nne kamili Mama Karsan alituletea chapati zilizokunjwa pembe nne na chai yenye tangawizi kali, na Dresa Anyosisye, yule mzee wa taipu, alizitazama kila siku kama mtu aliyepata barua kutoka kwao. Alikuwa amestaafu kazi ya kufunga vidonda na kugawa dawa, lakini Mbeya nzima ilimwita Dresa, kama mchungaji anavyoitwa Mchungaji hata akiwa shambani. Wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vilipopita katika nyanda zetu za juu, karibu miaka arobaini nyuma, yeye alikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya misheni. Askari waliingia wodini akiwa na bakuli la uji mkononi. Aliniambia habari hiyo mara moja tu, na hakuimaliza.

Sasa alikuwa ameunda kamati: wauguzi wazee, wazee wa makanisa mbalimbali, na shehe mmoja mcheshi. Walitaka kuandika kitabu cha mambo yote ambayo vita vile viliyafanya kwa wagonjwa na kwa wale waliowatibu, kabla walioona hawajafa wote. Kiwanda cha kuchapa kilikuwa kimeahidi kuupokea mswada kabla ya Krismasi. Tatizo lilikuwa maneno. Mzee mmoja alisema hospitali yao ilishambuliwa, akimaanisha risasi zilitoboa paa. Mwingine alisema yao ilishambuliwa, na ukimhoji sana unakuta sajini alikuja akaomba chumvi asirudishe kopo. Kwa hiyo Dresa alipigilia karatasi ya kaki ukutani, akaandika kwa wino mweusi kila neno na maana yake moja. Kushambuliwa: silaha au moto umetumika juu ya mgonjwa, mtoa tiba au mahali pa tiba. Kuporwa: vitu vya wagonjwa vimechukuliwa. Kutwaliwa: jeshi limekaa ndani, kazi ya tiba ikasimama. Kuzuiwa: mgonjwa au dawa imekatazwa kupita. Chini kabisa aliandika: "Neno 'sijui' liandikwe kama lilivyosemwa." Na juu ya yote, kama paa la nyumba, aliandika: "Mahali pa tiba ni jengo lenye mtoa tiba na daftari la wagonjwa."

Nilipenda kamati ilipokutana. Mwalimu Kihwele, kijana wa Iringa aliyekuwa akifundisha Mbeya na kututafsiria Kihehe, alikaa juu ya robota la khaki akining'iniza miguu, na kazi yake kubwa ilikuwa kumchokoza Dresa. Nakumbuka siku ya mbuzi. Shahidi mmoja alikuwa amesema askari walikula mbuzi wote wa zahanati.

"Mbuzi si dawa," Kihwele akaanza.

"Maziwa yao walikunywa akina nani?" Dresa akauliza.

"Watoto waliolazwa."

"Na mbuzi walipoliwa?"

"Watoto wakanywa maji."

"Basi andika kuporwa, Tusajigwe."

"Subiri, Dada Taipu, usiandike! Dresa, aliyeporwa ni nani, mtoto au mbuzi?"

"Mbuzi aliliwa, mwanangu. Hilo nalo unataka tafsiri?"

Shehe alicheka hadi akashika ubavu, na Mama Karsan akapaza sauti kutoka chini kwamba tupunguze kelele, wateja wanadhani kuna watu wanacheza karata. Lakini nilipotazama nilichokuwa nimeandika, niliona watoto waliolazwa na homa wakipewa vikombe vya maji, na neno kuporwa likawa zito mikononi mwangu. Ndivyo tulivyofanya kazi mwaka mzima: tukicheka, na chini ya kicheko kuna mtu amelala mkekani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nimekuwa na furaha nyingi maishani.

Kanuni yetu nyingine ilikuwa ya kumsomea shahidi. Ukurasa ukishapigwa taipu, ulisomwa kwa sauti mbele ya aliyesimulia na majirani zake, ukurasa wote mzima, mpaka alama ya mwisho, bila kuficha kitu. Naye akiridhika anaweka dole gumba. Pasipo dole gumba ukurasa hauingii kitabuni. Dresa alisema watu wa nchi hii wameshaandikwa mno na watu wasiowasomea walichoandika. Niliiamini kanuni hiyo kama Amri ya Mungu, na ndiyo iliyoniponza.

Mwezi wa nne, mvua zikielekea kwisha, nilitumwa Iringa pamoja na Kihwele na ile mashine, tuliyoifunga ndani ya blanketi kama mtoto. Ng'ambo ya Ruaha Mdogo, nje kidogo ya mji, aliishi Bibi Agatha, mama mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu anayetaka kucheka lakini anakusubiri uanze wewe. Kwake hakuna aliyeuliza swali kabla hajanywa. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, unatoka mweupe na mtamu, na kanisa letu lilikataza hata kuunusa. "Mgeni wangu hanywi?" Bibi akauliza. "Anafunga, bibi," Kihwele akadanganya, akanywa kikombe chake, akanywa na changu, ndipo Bibi akaanza kusimulia.

Mama yake aliitwa Semgongolwa. Alizalisha wanawake, aliunga mifupa, alitibu homa, na wakati wa vita nyumba yake haikukosa mtu. Wapagazi waliotupwa njiani na majeshi waliletwa kwake na majirani, wengine hata lugha yao hakuna aliyeijua. Siku moja askari walifika. Ndani walikuwamo wagonjwa watano. Wakawatoa nje mvuani, wakachukua blanketi na mahindi, wakachoma paa, na Semgongolwa wakamtwisha mzigo wakaondoka naye. Alirudi baada ya mavuno mawili, amekonda, anacheka, mgongoni amebeba mtoto wa mtu mwingine. Wale watano walikufa kabla ya mwezi kuandama. Bibi Agatha alikuwa msichana. Aliona kwa macho yake.

"Askari wa upande gani, bibi?" nikauliza.

"Sijui. Walivaa kaptula."

Nikaandika hivyo hivyo. Kisha nikatazama orodha yangu. "Kulikuwa na daftari la wagonjwa?"

"Daftari la nini, mwanangu? Mama hakujua kusoma."

Nikapiga taipu. Majirani wakajaa uani, Kihwele akaanza kusoma kwa Kihehe, na watu wakaitikia kila sentensi kwa mguno wa kuridhika, mpaka akafika mwisho. Hapo akapunguza sauti, akaniangalia. Mimi, nikiwa na kanuni kichwani, nikampa ishara asome. Akasoma: "Nyumba ya kawaida. Si mahali pa tiba. Neno: kuporwa."

Hakuna aliyeguna. Bibi Agatha aliuingiza mkono wake wa kulia ndani ya kanga. "Kidole changu kinauma leo," akasema. Halafu akaniuliza kwa upole kama nimekula, kama nimeshiba, akanitakia safari njema, akabaki ameketi. Hakutusindikiza. Wanaotoka nyanda zetu wanajua maana yake. Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko hapo. Nilipokuwa nikipita mlangoni kuchukua blanketi la mashine nilishika mlango, na vidole vyangu vikahisi mikato midogo kwenye mbao, safu kwa safu, kuanzia magotini hadi juu ya kichwa changu. Jirani mmoja aliyetuonea huruma akatufikisha njiani, nami nikamuuliza ile mikato ni nini. "Hiyo? Hao ndio wagonjwa," akasema. "Ukiingia, unakatiwa kushoto. Ukitoka umepona, unakatiwa kulia."

Tulipofika mtoni Kihwele akasimama. "Dada Taipu," akasema, na kwa mara ya kwanza hakutania, "leo umemtoa Semgongolwa nyumbani kwake mara ya pili."

Nilipomweleza Dresa habari hiyo, alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Nataka kumtendea haki. Hakuwa mtu mgumu wa moyo. "Nikiingiza nyumba moja isiyo na daftari," alisema, "kesho kila mpiga ramli atadai alikuwa na hospitali. Wakubwa watafungua kitabu, watakuta hiyo moja, watacheka, na kwa kicheko hicho watazifuta zote. Hata ile yangu." Nikasema, "Shikamoo, Dresa," ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumkatalia mzee. "Nitapiga ukurasa ule mara mia, lakini nyumba ya kawaida siandiki. Nitaacha nafasi." Nikaacha nafasi. Vikao viwili vya kamati vikapita, nafasi ikabaki nyeupe katikati ya ukurasa, na kila alipoifikia Dresa alivua miwani akaifuta. Siku moja ya baridi, chapati mkononi, akauliza bila kunitazama, "Basi la Iringa huondoka siku gani?" Akabandua karatasi yake ya kaki ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Tulisafiri watatu, mwezi wa saba, sisi Waafrika tukiwa viti vya nyuma kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo, magoti yetu yakiwa yamebanwa na magunia ya viazi. Karibu na Nyololo manyunyu yalikuwa yameifanya barabara kuwa uji, basi likazama. Abiria walishuka kusukuma, na Dresa, badala ya kukaa ndani kama alivyoombwa, alisimama katikati ya matope akiwaelekeza watu jinsi ya kuinua bila kuvunja mgongo. "Magoti, ndugu zangu! Tumieni magoti!" Tulipofika kwa Bibi Agatha meno yake yalikuwa yakigongana.

Bibi alitoka, akatutazama. Mimi hakunijali. "Kamwene," akamsalimu Dresa kwa Kihehe, akamshika kiganja, akakigeuza, akamtazama chini ya jicho. "Huyu anaumwa."

"Siumwi, mama. Nimekuja kikazi."

"Wote walikuja kikazi," akasema Bibi, akachomoa kisu kidogo darini, akakata alama mpya upande wa kushoto wa mlango, akamsukuma ndani.

Siku tatu zile nazikumbuka kwa harufu: majani yaliyochemshwa, mawe ya moto yaliyofungwa ndani ya blanketi, uji wa ulezi, moshi. Mimi na Kihwele tulichota maji na kuchanja kuni, na kupitia ukuta wa fito tulisikiliza vita vingine.

"Mama, hii dawa ni kiasi gani kwa siku?"

"Nyamaza, unywe."

"Nauliza kwa sababu ya mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa dresa miaka—"

"Na mimi sikukuuliza ulikuwa nani. Geuka nikukande."

Alikuwa amejifunza kazi ya mama yake yote, na hakuna aliyemwambia kuwa ni kazi. Kihwele alicheka kimya kimya hadi machozi yakamtoka, akanishika bega asianguke, na sikuuondoa mkono wake upesi kama ilivyompasa msichana wa kanisa letu. Tuliendelea kuwa marafiki maisha yote, kila mmoja na nyumba yake. Nalisema hili hapa kwa kuwa amelala sasa na hawezi kunitania.

Asubuhi ya nne Dresa aliamka bila homa, akaenda mlangoni amejifunga blanketi, akaanza kupapasa alama kwa ncha za vidole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Bibi akamweleza: mlango huu askari waliung'oa kabla ya kuchoma paa, wakambebea mwenzao aliyeumia mguu, wakautupa kivukoni; majirani wakaurudisha. Akamwonyesha alama tano za kushoto zisizokuwa na wenzao upande wa kulia.

"Tusajigwe!" Dresa akaita, sauti ikipanda. "Njoo uone! Hili ni daftari! Kuingia, kutoka, na wasiotoka. Sharti limetimia. Andika: daftari la mlango!" Niliruka kwa furaha. Nikakimbilia mashine.

Bibi Agatha alikuwa akipepeta ulezi. Hakusimama. "Na kama mlango ungeungua?" akauliza.

Ungo ulitoa sauti yake: shhh, shhh.

"Wangeuacha mahali pake ungeungua na paa," akasema. "Basi mama yangu asingekuwa amemtibu mtu?"

Dresa aliketi kizingitini. Alikaa muda mrefu hata kuku wakaanza kudonoa karibu na miguu yake, na nadhani alikuwa amerudi kule kwenye wodi yake, na bakuli la uji mkononi. Hatimaye akatoa ile karatasi mfukoni, akaomba kalamu, akaukata mstari wa kwanza, jengo na daftari pamoja. Akaandika polepole, akisoma kwa sauti: "Mahali pa tiba ni popote mgonjwa alipolazwa na mtu ambaye majirani wanashuhudia kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu."

"Popote?" akasema Kihwele. "Hata zizini?"

"Hata zizini."

"Na wapiga ramli wako?"

"Majirani watatuambia. Wao wanajua aliyewaponya na aliyewadanganya. Tutawauliza, na watasomewa."

"Umesahau mkeka," akasema Bibi.

"Mkeka si lazima, mama."

"Mama hakulaza mtu chini hata siku moja. Hata yule asiyejulikana lugha yake. Andika mkeka."

Kihwele alifungua mdomo. Dresa akamnyamazisha kwa kalamu. Akaandika, akafikiri, akaongeza: na mkeka, ikiwezekana. Baadaye kamati ililiondoa neno hilo ili kitabu kiwe na heshima, Kihwele akapinga peke yake hadi mwisho, na sasa najua ni yeye aliyeitunza karatasi. Kitabu kilichapwa, kidogo, chenye jalada la kijivu; huenda hakuna aliyebaki nacho. Lakini ukurasa wa Semgongolwa umo. Nafasi nyeupe niliijaza palepale, juu ya kinu kilichopinduliwa: "Mahali pa tiba. Neno: kushambuliwa. Mtoa tiba alichukuliwa. Wagonjwa watano hawakutoka." Majirani wakaja, Kihwele akasoma mpaka mwisho bila kupunguza sauti, nao wakaguna, mguno mrefu kama upepo unaopita kwenye mianzi. Bibi Agatha alitoa mkono ndani ya kanga, akalitazama dole gumba lake kama anayemtuma mtu safari, akaliweka kwenye wino, halafu kwenye karatasi. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu tufike. "Umekula?" akauliza. Nikasema sijashiba. Akacheka, hatimaye.

Tulipofunga mizigo Bibi alitutuma mimi na Kihwele tutangulie tusimame kwenye mianzi. "Nyinyi nitawasindikiza hadi mtoni," alisema. "Huyu hasindikizwi. Kwa mama yangu, aliyepona alitoka peke yake kwa miguu yake." Tulisimama tukatazama. Dresa Anyosisye alitokea kizingitini, kofia mkononi, amenyooka kama askari wa gwaride, akangoja. Bibi aliinua kisu, akakata alama moja upande wa kulia, akaipuliza vumbi. Mzee akashuka hatua mbili, akaanza kuja kwetu bila kugeuka nyuma, na nyuma yake Bibi Agatha akaufunga mlango kwa nje, aje atusindikize.